Nazi Iliyoning'inia Mnarani

Kwa karibu mwaka mzima nilidhani ni nazi.

Mimi ni dereva, na dereva wa nyumbani hana shughuli sebuleni. Mpaka wangu ulikuwa korido, penye kabati la viatu, ambapo kila asubuhi nilisimama kumngoja Bosi amalize kahawa yake. Kutoka pale, mlango ukiwa wazi, niliiona bendera ukutani juu ya kochi. Nusu nyeupe, nusu kijani, na katikati ngao iliyodariziwa kwa mkono. Ndani ya ngao mna mnara wa mawe na mti mmoja mnene. Kwenye dirisha la mnara kimening'inizwa kwa kamba kitu cha mviringo, cha kahawia, juu kina weupeweupe kama makumbi yaliyochunwa yakaachwa nusu. Mimi mtu wa Lamu. Nikionyeshwa kitu cha mviringo cha kahawia chenye nyuzinyuzi, kimefungwa kamba, nitasema ni nini?

Tena nilijivunia. Siku zangu za mapumziko nilikuwa nikilala Najma, chumba tulichopanga watu watatu: mimi, Mganda mmoja aliyekuwa mlinzi kwenye jengo la maduka, na Mkenya mwenzangu wa bara aliyefanya kazi hotelini. Nikawaambia, "Kijiji cha bosi wangu kina nazi kwenye bendera yake."

"Uhispania kuna minazi?" Mganda akauliza.

"Iko. Mtu ataweka vipi kwenye bendera kitu asichokuwa nacho?"

Maneno yangu hayo. Nayaandika kama nilivyoyasema, kwa sababu baadaye yalinirudia kila nilipolala.

Ilikuwa miaka ile Doha inachimbwa chini kwa chini kwa ajili ya treni. Bosi alikuwa Mhispania, mhandisi wa mahandaki hayo, na nyumba yake ilikuwa Umm Salal, upande wa mashamba, ambako ukifungua kioo cha gari asubuhi unapata harufu ya kondoo na ya udongo uliomwagiliwa. Yeye ndiye alikuwa kafili wangu: kibali changu cha kukaa Qatar kilikuwa mkononi mwake, akikifuta narudi Kenya. Basi niseme haki yake kabla sijasema lingine. Hakuwahi kunifokea. Alikaa kiti cha mbele, pembeni yangu, wala si nyuma kama wenzake. Mwezi wa Ramadhani hakunywa hata maji ndani ya gari, na si mimi niliyemwomba. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, lakini najua kupima mtu, na kwenye mizani yangu alikuwa mtu mwema. Naona bado ni mwema. Hapo ndipo roho yangu inapokwama.

Kazi kubwa ya dereva ni kungoja. Mimi nikingoja hushona kofia. Kwetu wanaume wanashona, si jambo la kuchekwa: kitambaa cheupe, uzi mweupe, unatoboa kitundu kidogo, unakizungushia uzi mpaka kinakaza, halafu unakwenda kwa kinachofuata. Kofia moja inaweza kula miezi. Ile niliyokuwa nayo mwaka ule ilikuwa ya baba yangu. Bosi akinikuta nayo alikuwa akiishika kwa ncha za vidole na kusema, "Mama yangu angekupenda. Naye ni mtu wa sindano."

Bendera ile mamake ndiye aliyeidarizi, majira ya baridi Bosi alipoondoka kwao kutafuta kazi. Kijiji chao kiko mbali na kila kitu, aliniambia, juu ya kilima, watu wake huishi kwa kondoo na lozi.

Halafu mbwa wa madamu, mke wa Bosi, akaitafuna.

Bosi alinijia gereji ameibeba ndani ya foronya, kwa mikono miwili, kama unavyobeba mtoto aliyelala. Mamake alikuwa anakuja Alhamisi kuwatembelea. Hajawahi kupanda ndege. Macho yake yameingia ukungu, daktari amemwambia hatadarizi tena kazi kama ile.

"Akiiona hivi itamvunja," akasema. "Wewe mkono wako ni mzuri kuliko fundi yeyote wa hapa. Unaweza?"

"Naweza, Bosi," nikasema, kabla sijaikunjua.

Nikaitandaza juu ya boneti. Mbwa alikuwa ameng'ata dirisha la mnara pamoja na nusu ya ile nazi. Nusu iliyobaki ilikuwa na sikio.

Nililitazama sikio lile. Lilidariziwa vizuri mno, na mkunjo wake wa ndani, na kipuli kidogo cha uzi wa dhahabu. Baada ya sikio nikaona jicho, limefumbwa. Nikaona ndevu. Weupe wa juu haukuwa makumbi, kilikuwa kilemba, na kamba ilipitishwa kwenye kilemba hicho. Chini, shingo imekatwa, na matone matatu mekundu yanadondokea mawe. Matone hayo nilikuwa nimeyaona miezi yote nikadhani ni maua ya ule mti.

Mikono yangu ilikuwa juu ya kitambaa. Nikaiondoa.

"Bosi, hiki ni kichwa cha mtu."

"Ndiyo," akasema, kama niliyemwambia gari lina magurudumu. "Cha Mmoro."

"Mmoro ni nani?"

Akanieleza. Ni Waislamu waliovuka bahari kutoka Afrika, wakaitawala nchi yao mamia ya miaka. Kijiji kilikuwa chao, hata mnara ni wao walioujenga. Wachungaji wa mlimani ndio waliokitwaa. "Walikuwa wachache, hawana silaha za maana," akasema, na sauti yake ikachangamka, maana ni hadithi aliyolelewa nayo. "Wakangoja alfajiri. Wamoro wote, hata walinzi, wako kwenye swala, wameinama..."

Akaishia hapo. Kofia ya baba ilikuwa kwenye dashibodi, sindano imechomekwa ubavuni. Aliiona, nami nikaona kwamba ameiona.

"Ni historia tu, rafiki yangu. Zamani sana. Hakuna anayeifikiria."

Halafu, nadhani ili kupoza mambo, akaniambia habari ya sikukuu ya kijiji. Kila mwaka hutengeneza kichwa cha karatasi, chenye kilemba na ndevu, hukijaza peremende za lozi na kukitundika mnarani vilevile. Watoto hukipiga kwa fimbo mpaka kipasuke. "Mwaka mmoja nilikipasua mimi," akasema, akacheka, na uso wake ukawa wa mtoto kabisa. Kisha akasema skuli imefungwa, tanuri la mikate limefungwa, mwenye baa ndiye huyohuyo mwenyekiti wa kijiji, na wazee wakimalizika hakutakuwa na watoto wa kupiga chochote. "Kilichobaki ni bendera."

Nilimhurumia, wallahi. Huruma na kinyaa vikakaa pamoja tumboni mwangu kama maziwa na ndimu.

Kesho yake tukaenda Najma kutafuta uzi. Duka la Mhindi, jembamba, linanuka kitambaa kipya na uvumba. Mhindi akamwaga rili za kahawia juu ya kaunta, za kila namna, na uzi wa zamani ulikuwa umepauka, hauwezi kulinganishwa. Bosi akafikiri kidogo. Kisha akanishika kifundo cha mkono, polepole, kwa adabu, akakigeuza kwenye mwanga, akaanza kulaza juu yake rili moja moja.

"Hii imezidi wekundu. Hii imekolea mno. Hii... ndiyo hii."

"Hiyo hiyo, sir!" Mhindi akasema, akicheka. "Huwezi kuona tofauti!"

Nimejaribu kumtetea Bosi kwa lile. Nimejiambia, alikuwa anatafuta rangi ya ngozi na ngozi iliyokuwepo ni yangu. Labda ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Lakini mnara nao ulihitaji uzi, wa rangi ya mchanga, na mkono wake mwenyewe ni rangi ya mchanga. Huo hakuulazia rili. Alionyesha kwa kidole tu, akasema, "Na ile."

Jioni ile, chumbani Najma, nilipotawadha nilikwama bombani kwenye mkono ule mpaka Mganda akagonga mlango. "Shehe, unaogesha jeshi zima?"

Nikawatandazia bendera kitandani, nikawaeleza.

Mganda akacheka mpaka akakaa chini. "Nazi yako imeota masikio! Shehe, kumbe ungekuna ukatia kwenye wali!"

"Usinichekeshe, afande. Roho imenichafuka."

"Aa, mimi nacheka tu." Akafuta machozi. "Lakini tazama. Sisi Wakristo tunavaa msalaba shingoni. Msalaba ni kitu cha kuulia mtu. Umezoea, huoni. Hao nao wamezoea."

"Aliyekufa msalabani mnamlilia," nikasema. "Huyu wanampiga fimbo atoe peremende."

Nikaendelea, maana nilikuwa nimeshaanza kujitilia shaka: hata bendera yetu ya Kenya ina wekundu, na tulifundishwa skuli kwamba ule ni damu. Ina ngao, ina mikuki. Mikuki ile si ya kupigia mswaki. Labda mimi ndiye mwenye moyo mwepesi.

Mkenya wa bara alikuwa amelala kitanda cha juu, tukidhani hasikilizi. Akasema bila kugeuka, "Buda, babu zako wa huko pwani walikuwa na watumwa. Walitoka wapi? Kwetu. Walifungwa shingo kwa shingo wakateremshwa. Hiyo haijawahi kukuchafua roho?"

"Hatukuichora kwenye bendera," nikasema.

"Mliichora kwa midomo. Mpaka leo mtu wa kwetu akija huko anaitwaje?"

Jina la dharau analoitwa nalijua, na nimelisikia nyumbani kwetu likitamkwa tukiwa tunakula. Nilikunja bendera. Hasira yangu ilikuwa imetobolewa, haikubaki nzima. Lakini kinyaa kilibaki kizima. Nilikichunguza kwa uaminifu, kama unavyochunguza jino, na kila nilipokigusa kilikuwa palepale: sitaki mkono unaotoboa kofia ya baba yangu uingie kwenye kichwa kile. Wachungaji wamefanya yao, mama wa watu amefanya yake, na babu zangu wamefanya ya kwao. Mimi nina mkono huu tu.

Basi nikashona. Nilisuka upya mawe ya mnara, nikarudisha majani ya mti, nikaziba tundu kwa kitambaa cheupe. Nusu ya kichwa iliyobaki ilikuwa imening'inia kwa nyuzi chache. Nikazifumua, pamoja na yale matone matatu mekundu. Dirisha nikaliacha tupu, safi, na kamba yake ikiishia hewani.

Nilimpa Bosi Jumatano, kwenye korido.

Akaitazama. "Na kichwa?"

"Hicho sikufanya, Bosi."

"Muda haukutosha?" Alinifungulia mlango wa udhuru, ningepita.

"Muda ulitosha."

Nilisikia friji ikinguruma jikoni. Nikafikiria kibali changu, nikafikiria ada za watoto, nikafikiria nitamwambia nini mke wangu, kwamba nimefukuzwa kwa sababu ya nini hasa? Kwa sababu ya uzi? Bosi akakunja bendera, akasema, "Sawa." Hakunitishia kwa neno wala kwa jicho, na lazima niliandike hilo. Ila asubuhi ile alipoingia garini, alifungua mlango wa nyuma.

Alhamisi tukampokea mamake uwanjani. Mwanamke mfupi, mavazi meusi, ananuka sabuni na moshi wa kuni. Kabla sijawahi kurudi nyuma akanibusu mashavu yote mawili. Bosi akamfungulia mlango wa nyuma, akakataa, akaja kukaa mbele kwangu. Njia nzima alikuwa akiniambia mambo kwa Kihispania huku akinipigapiga mkono, nami namwambia, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama."

Hakuvunjika alipoiona bendera. Wazee wana nguvu kuliko tunavyowasingizia. Aliambiwa habari ya mbwa, akamtukana mbwa, kisha akapitisha vidole juu ya mnara, jiwe kwa jiwe, na akauliza jambo. Bosi akaniita niingie sebuleni. Miezi yote ile, ndiyo mara ya kwanza nakanyaga zulia lile.

"Anasema mshono wako umempita yeye," Bosi akasema.

"Mwambie nashukuru."

Vidole vya mama vikafika dirishani. Vikatafuta, vikazunguka, havikupata kitu. Akauliza tena.

"Anauliza mbona hapa patupu."

"Mwambie sikutaka."

Bosi akamwambia kitu, kifupi. Sijui alimwambia nini mpaka leo. Mama akatikisa kichwa, akatabasamu, kama mtu aliyeambiwa kijana ana haya. Akanyoosha mkono kwenye kofia ya baba niliyokuwa nimeishika, akachomoa sindano yangu. Akatwaa mezani rili ya kahawia niliyoirudisha pamoja na bendera. Akalamba ncha ya uzi, akaileta kwenye tundu la sindano, ikapita pembeni. Akalamba tena. Akaijaribu karibu na pua, akaijaribu kwenye mwanga wa dirisha, uzi unapita huku, unapita kule. Bosi akasema, "Mama, acha," nadhani ndivyo alivyosema. Naye hakuacha. Mwishowe akaninyooshea vyote viwili, sindano na uzi uliolowa mate yake, na macho yake yale yenye ukungu yakiniangalia bila kuniona vizuri.

Mama yangu mzazi alikuwa akininyooshea hivyohivyo.

Nilitunga. Tundu la sindano nalijua, halinichukui muda. Nikamrudishia. Akainama juu ya bendera, uso karibu uguse kitambaa, akaanza. Hakuhitaji kuona, mkono ulikuwa unajua. Alianza na sikio. Alikuwa anaimba chinichini, wimbo wa kubembelezea. Uzi ukimwishia ananinyooshea, nami natunga. Pua ikatoka. Ndevu zikatoka. Nilikuwa nimesimama pembeni yake kama mtumishi wa daktari, na kichwa kinakua mbele yangu, kwa uzi uliopimiwa kwenye mkono wangu, kwa sindano ya kofia ya baba, na mimi ndiye ninayekilisha. Yeye alikuwa na furaha kama mtu anayemvalisha mtoto.

Akainua rili, akaisogeza kwenye mwanga, akasema neno.

"Anasemaje?" nikauliza.

Bosi hakutaka kusema. Nikauliza tena.

"Anasema rangi ni yenyewe hasa. Anauliza aliichagua nani."

"Mwambie."

Masikio ya Bosi yakawa mekundu mpaka ncha. Akatazama kifundo changu cha mkono, kisha akamtazama mbwa. Hakumwambia. Naamini hapo ndipo alipoona, labda mara ya kwanza maishani, kwamba kile ni kichwa. Au labda namwekea moyo ambao ningependa awe nao. Sijui. Niliona masikio tu.

Mama akaweka kahawia chini, akatoa uzi mwekundu mkobani mwake, akaninyooshea.

Nikatunga na huo pia.

Alipomaliza tone la tatu akakata uzi kwa meno, akafungua tena mkoba wake akanijaza viganja peremende za lozi zilizofungwa karatasi.

"Hazina mafuta ya nguruwe," Bosi akasema haraka. "Nilimuuliza."

Nilijua zinatoka wapi. Nilisema ahsante, mama, nikazitia mfukoni, kisha kwenye kisanduku cha gari, nazo zikayeyuka mle kwa joto na kuvuta sisimizi. Nilizisafisha kwa kitambaa cha sabuni. Harufu ya lozi haikutoka upesi.

Ijumaa, chumbani, Mganda aliniuliza, "Enhe, Shehe? Ulishona?"

"Sikushona."

"Mwanamume!"

"Nilitunga uzi tu."

Mganda akacheka. Yule wa bara, juu kitandani, hakucheka. Alinitazama tu, akasema, "Pole, buda," na sijui kama alinisamehe kitu au alinihesabia kosa.

Nilinunua pakiti mpya ya sindano kwa Mhindi yuleyule. Ile ya zamani nilishindwa kuitupa, nikashindwa kuitumia. Nadhani iko mpaka leo kwenye kitambaa cha paa la gari, nilipoichomeka. Kofia ilimfikia baba. Akaivaa, akasema imebana kidogo.

Bosi alirudi kiti cha mbele siku chache baada ya mama kuondoka. Hatukulizungumza tena. Bendera ilirudi juu ya kochi, na kila asubuhi nikawa nasimama kwenye korido, penye kabati la viatu, mlango ukiwa wazi. Nilijaribu kuirudisha ile nazi. Nilikunja macho, nikarudi nyuma hatua, nikajiambia makumbi, kamba, nazi ya kwetu. Nikawa naona sikio. Mama alikuwa amelifanya kubwa kidogo kuliko la kwanza, kwa sababu ya macho yake, na lilikuwa linaonekana hata kutoka nje.